SOMO LA UFUNDI: BETRI ISIISHIWE NGUVU GARI LINAPOTIWA PROGRAMU MPYA



Somo letu la safari hii linawahusu madereva, mafundi wa gereji, wapakizi wa bandarini na wale wote ambao riziki yao inategemea gari kuamka asubuhi. Linahusu kazi ambayo siku hizi inafanywa mara nyingi Kismayu na kwingineko katika pwani yetu: fundi anakuja na kompyuta ya mkononi na waya, anaunganisha chini ya usukani, kisha anatia programu mpya ndani ya kompyuta ya gari. Kazi hii huonekana nyepesi kwa kuwa haina spana wala mafuta mikononi. Lakini betri ikiishiwa nguvu katikati ya kazi, gari lililokuja likitembea lenyewe huondoka likivutwa kwa kamba. Na mara nyingi anayeulizwa gharama ni mfanyakazi.

Wazee wetu waliofanya kazi katika mashamba ya ndizi ya Jamaame, katika mradi wa sukari wa Mareerey au katika kiwanda cha nyama cha Kismayu kabla ya mwaka 1991 walizoea trekta na malori ya dizeli yasiyo na kompyuta hata moja. Betri ilikuwa ya kuzungusha stata na kuwasha taa, basi. Gari la leo, hata lile dogo lililotumika Japani likaletwa kwetu kupitia Dubai, lina kompyuta kadhaa: ya injini, ya giaboksi, ya breki, ya mifuko ya hewa. Zote hula umeme wa betri ile ile moja. Ndiyo maana elimu ya betri, ambayo zamani ilikuwa elimu ndogo, sasa imekuwa elimu kubwa.

1. KWA NINI GARI HUTIWA PROGRAMU MPYA?

Programu ni maagizo yaliyoandikwa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Huiambia injini inyunyize mafuta kiasi gani na lini, huiambia giaboksi ibadilishe gia kwa mwendo gani. Watengenezaji wakigundua kasoro katika maagizo hayo, huyaandika upya. Pia kompyuta iliyokufa ikibadilishwa na nyingine, hiyo mpya haina budi kutiwa programu inayolingana na gari lile.

Njia ya kuingilia ni soketi yenye matundu 16 iliyo chini ya dashibodi. Marekani iliyalazimisha magari madogo mapya yawe na mfumo huu kuanzia modeli za mwaka 1996, na nchi nyingine zikafuata. Jambo la kukumbuka ni hili: katika soketi hiyo, tundu la 16 huleta umeme wa betri ya gari, na matundu ya 4 na 5 ni ya hasi. Maana yake, hata kifaa cha fundi kinachounganishwa hapo hula kutoka betri ile ile. Betri ikilegea, gari na kifaa hulegea pamoja.

Bajaji yenye kabureta haimo katika somo hili, wala mota ndogo ya mashua ya aina hiyo. Lakini mota kubwa za siku hizi zinazonyunyiza mafuta kwa umeme nazo zina kompyuta. Kwa hiyo ndugu zetu wa Chula, Koyama, Chovai na Ngumi, ambao chombo chao cha kazi ni mashua, wasilipite somo hili.

2. HATARI IKO WAPI?

Kompyuta haiandiki juu ya maandishi ya zamani. Hufuta kwanza, kisha huandika upya fungu kwa fungu, na mwisho hukagua kama yote yameingia sawasawa. Kati ya kufuta na kumaliza kuandika kuna muda ambao kompyuta haina maagizo ya zamani wala haijapata mapya.

Mwana wa maji ataelewa upesi. Ukitaka kubadilisha ubao wa chini wa dau, hulivui ubao likiwa linaelea. Unalipandisha pwani, unaliegemeza kwa magogo, ndipo unang'oa. Magogo yakiteleza wakati ubao wa zamani umeshatoka na mpya haujapigwa misumari, umeharibu chombo. Hapa magogo ni volti za betri.

Volti zikishuka mno katika muda huo, kuandika hukatika. Kompyuta nyingine zimeachiwa sehemu ndogo isiyofutwa, na kwa msaada wake kazi huweza kurudiwa. Nyingine hubaki zimekufa kabisa, na dawa yake ni kununua nyingine au kumtafuta fundi wa kuifungua na kuiandika mezani. Gharama hiyo si ndogo kwa mtu wa mshahara.

3. KUIJUA HALI YA BETRI KWA MITA

Betri ya kawaida ya gari dogo ina vyumba 6, kila kimoja kikitoa volti 2.1 hivi. Ndiyo sababu betri iliyojaa husoma volti 12.6 au 12.7, wala si 12 kamili. Pima betri ikiwa imepumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa, kisha linganisha:

Volti 12.6 au zaidi: imejaa.
Volti 12.4: robo tatu.
Volti 12.2: nusu.
Volti 12.0: robo.
Chini ya 11.9: imekwisha.

Gari likiwa limetoka kutembea, mita hudanganya, kwa maana chaji ya juujuu haijatulia. Ukiwa na haraka, washa taa kubwa kwa dakika 2, zizime, ngoja kidogo, ndipo upime.

Volti peke yake hazitoshi. Betri ya zamani huweza kusoma 12.6 na bado ikawa na akiba ndogo, kama mtungi uliojaa mchanga nusu: ukiutazama juu umejaa maji, ukichota mara mbili umekauka. Joto la pwani yetu hufupisha maisha ya betri, na chumvi ya bahari hula vichwa vyake na kuviotesha unga mweupe au wa kijani. Unga huo huzuia umeme kupita. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi, suuza, kausha, kaza nati, kisha paka grisi kidogo.

4. HESABU KIDOGO

Ndugu, usiogope hesabu hii. Ni ya dukani tu. Akiba ya betri huandikwa kwa ampea-saa. Tuchukue betri iliyoandikwa 60. Kwa uzee na joto, tuseme sasa inashika nusu tu, yaani 30. Siku ya kazi iko robo tatu, yaani 22 hivi.

Swichi ya gari ikiwashwa bila injini kunguruma, kompyuta zote huamka. Tuseme gari linakula ampea 15. Baada ya nusu saa zimekwenda 7.5, na zilizobaki ni 14.5. Betri sasa iko nusu, na volti zake, ikiwa inaendelea kubeba mzigo, zimeanza kwenda chini ya 12.

Hapo feni ya rejeta ikafunguka. Magari mengi hufanya hivyo wakati kompyuta ya injini inaandikwa, kwa kuwa haipo wa kuisimamia feni. Tuseme feni inakula ampea 20 zaidi. Mzigo sasa ni 35. Nusu saa nyingine ingehitaji 17.5, nasi tuna 14.5 tu. Betri itakwisha kabla ya kazi kwisha, na volti zitakuwa zimeanguka mapema zaidi ya hapo.

Zingatia kwamba programu nyingi za fundi hupima volti kabla ya kuanza na hukataa zikiwa chini. Hilo ni jema, lakini si kinga. Huo ni upimaji wa mlangoni. Hauwezi kujua yatakayotokea baada ya nusu saa.

5. NJIA ZA KUISHIKILIA BETRI

Njia ya kwanza, iliyo bora, ni mashine maalumu ya kutoa umeme tulivu. Huunganishwa na umeme wa ukutani au jenereta, na hutoa volti 13.5 hivi bila kupanda wala kushuka. Kwa gari dogo, isiwe chini ya ampea 30, na 50 ni bora. Magari makubwa ya kisasa hutaka 70 hata 100. Fuata kitabu cha mtengenezaji. Katika mfano wetu, mashine ya 50 ingebeba ampea 35 zote, na betri isingeguswa.

Mashine hii huunganishwa pamoja na betri ya gari, wala si badala yake. Usiifungue betri kamwe. Umeme wa mji ukikatika, betri ya gari ndiyo itakayobeba kazi hadi jenereta iwashwe. Kwa hiyo hata mwenye mashine hana budi kuanza na betri nzima iliyojaa. Ukitumia jenereta, ijaze mafuta kabla. Usiizime katikati ili kuongeza.

Njia ya pili, inayowezekana kwa wengi wetu, ni betri ya pili. Iwe nzima, iwe imejaa, iwe ya volti 12 kama ile ya gari, na iunganishwe chanya kwa chanya na hasi kwa hasi kwa nyaya nene za jampa. Iunganishe kabla ya kuwasha swichi na uitoe baada ya kuizima, usiiguse katikati. Betri mbovu usiiunganishe, maana itainyonya ile nzima.

Mwenye betri ya umeme wa jua anaweza kuitumia kwa kazi hii kwa masharti matatu. Iwe ya risasi na asidi, iwe ya volti 12, na iwe imetolewa kwanza kwenye mfumo wa jua. Betri za lithiamu usiziunganishe na betri ya asidi, kwa kuwa tabia zao za kuchaji si moja. Na mfumo wa volti 24 ukiunganishwa na gari la volti 12 unaweza kuunguza kompyuta zake. Kwa malori ya volti 24 kinyume chake ni kweli: yanataka vifaa vya 24.

Gari la mafuta na umeme pamoja nalo lina betri ndogo ya volti 12, mara nyingi imefichwa nyuma. Hiyo ndiyo inayolisha kompyuta, na akiba yake ni ndogo kuliko ya gari la kawaida. Nyaya nene za rangi ya machungwa usiziguse. Zina volti za kuua.

6. NJIA ZISIZOFAA

Chaja ndogo ya ampea 4 haitoshi. Gari likila 15, bado 11 zinatoka kwenye betri.

Chaja za kienyeji zisizotuliza umeme hazifai, kwa sababu volti zake hutetemeka. Chaja nyingine za kisasa hupiga mapigo ya kuifufua betri na kupandisha volti hadi 15 au zaidi, nazo hazifai. Sehemu ya chaja iliyowekwa kwa kuwashia gari lililozimika usiitumie kabisa.

Kuunganisha gari jingine likinguruma si salama, maana altaneta yake hupandisha na kushusha volti. Kuwasha injini ya gari lenyewe kwa kawaida hakuruhusiwi. Kazi hii hutaka swichi iwake na injini ikae kimya.

7. UTARATIBU WA KAZI

Kwanza, hakikisha kazi yenyewe inahitajika. Gari linalokwenda vizuri lisitiwe programu kwa ajili ya udadisi. Linganisha namba ya programu iliyomo na ile mpya. Programu ya gari la soko jingine huweza isilifae gari la Japani lililo mbele yako, hata kama sura ni moja.

Pili, pakua faili lote kabla ya siku ya kazi. Usitegemee intaneti wakati wa kuandika.

Tatu, jaza chaji ya kompyuta ya mkononi na uiunganishe na umeme. Iondolee tabia ya kulala yenyewe na ya kujibadilishia programu zake.

Nne, chaji betri ya gari usiku kucha, ipumzishe, ipime. Ikishindwa kushika, badilisha kwanza betri.

Tano, zima taa zote, redio, kiyoyozi na feni yake. Chomoa chaja za simu. Milango ifungwe ili taa za ndani zisiwake.

Sita, unganisha umeme wa msaada: chanya kwanza, kisha hasi kwenye chuma cha bodi kilicho mbali na betri. Mwisho wa kazi, toa hasi kwanza.

Saba, weka mita kwenye betri na mtu mmoja aiangalie mwanzo hadi mwisho. Zikianza kuteremka kabla ya kufuta kuanza, simama.

Nane, kazi ikianza, mtu asifungue mlango, asiguse swichi, asiguse waya. Watoto na wapita njia wakae mbali.

Ikiwa kazi imekatika, usizime swichi kwa hofu wala usichomoe waya. Soma kwanza maandishi ya kwenye kompyuta. Rudisha volti, kisha jaribu kuendelea kwa kifaa kile kile. Mara nyingi gari huokolewa katika dakika hizo, na mara nyingi huuawa na mkono wenye papara.

8. USALAMA WA MTU

Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, hewa inayolipuka kwa cheche moja. Sigara na moto marufuku, na mlango wa gereji uwe wazi. Asidi ikiruka machoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 20 na upeleke mtu hospitali. Miwani na glavu ni lazima, na kwa vijana wanaojifunza kazi zaidi, kwa kuwa wao ndio wanaotumwa kubeba betri. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 155 wa mwaka 1981 unasema kwamba hatua za usalama kazini hazitamgharimu mfanyakazi. Miwani ni ya mwajiri kununua.

9. NANI ALIPE?

Tuchukue mfano. Dereva wa lori la samaki anaagizwa na tajiri wake ampelekee gari fundi litiwe programu. Betri ni ya miaka minne. Dereva amekwisha kuomba mpya mara mbili. Umeme wa msaada haukutolewa. Kazi inakatika, gari linakufa, na mwisho wa mwezi mshahara wa dereva umekatwa. Je, ni haki?

Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 95 wa mwaka 1949, unaolinda mishahara, unaruhusu makato kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, mapatano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi, si kwa hasira ya tajiri. Jirani zetu wa Kenya, ambako Wabajuni wengi wanafanya kazi Lamu na Mombasa, wana Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kifungu chake cha 19 kinaruhusu makato ya kiasi kinachostahili kwa mali iliyoharibika kutokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Betri kuchoka si kosa la makusudi.

Lakini haki bila ushahidi ni mashua bila usukani. Kwa hiyo kabla ya kazi, andika mambo matatu kwenye karatasi: nani ameagiza kazi, betri ilisoma volti ngapi na ina umri gani, na umeme gani wa msaada umetolewa. Mwenye gari atie sahihi. Akikataa kutia sahihi, fundi naye ana haki ya kukataa kuanza. Na mafundi wenye gereji ndogo wanaweza kuchanga na kununua mashine moja ya umeme tulivu, ikazunguka kwa zamu. Jambo lisilowezekana kwa mmoja huwezekana kwa kumi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA TAWI

1. Kwa nini betri inayosoma volti 12.6 bado huweza kushindwa na kazi hii?
2. Gari linakula ampea 20, nawe una chaja ya ampea 4. Katika saa moja betri itapoteza ampea-saa ngapi?
3. Taja sababu mbili za kutofungua betri ya gari hata kama una mashine ya umeme tulivu.
4. Mahali penu pa kazi, nani hununua miwani na glavu? Kama si mwajiri, tawi lichukue hatua gani?
5. Andikeni pamoja mfano wa karatasi ya makubaliano kati ya fundi na mwenye gari, muibandike ukutani gereji.

Jibu la swali la pili ni 16. Mengine mjadiliane wenyewe, na anayejua amfundishe asiyejua.